Uso Ndani ya Gogo la Mpingo

Jijini Arusha, sanamu za kichwa na mabega, yaani zile zinazomwonyesha mtu fulani kuanzia utosini hadi kifuani, huchongwa kwa mpingo, mti ambao kiini chake cheusi ni kizito kiasi cha kuzama majini na ambao umewapa Wamakonde wa kusini sifa duniani. Sanamu ya bronzi (mchanganyiko wa shaba na bati), kama ile ya Askari iliyozinduliwa Dar es Salaam mwaka 1927, hutanguliwa na kielelezo kinachoweza kurekebishwa. Mchonga mpingo hana nafasi hiyo, kwa kuwa kilichoondolewa na tezo hakirudi. Kwa sababu hiyo pua na nyusi huachwa nene mpaka mwishoni, macho hupangwa katikati ya urefu wa kichwa, ingawa wanaoanza huyapandisha mno, na mfanano hutafutwa kwanza katika fuvu, taya na shingo. Mwalimu Julius Nyerere (1922–1999), ambaye Azimio lake la mwaka 1967 lilibeba jina la Arusha, hutambulika kwa paji lake refu la uso na masharubu mafupi, lakini mchongaji anayetegemea masharubu pekee hutoa sura ya mtu yeyote. Kazi ngumu kuliko zote ni mboni, kwani juu ya weusi usiobadilika huchimbwa kwa patasi nyembamba ili kivuli kifanye kazi ya rangi, ndipo tupa, msasa na nta hufuata.