Kwa nini kompyuta haijui kuandika KaKAmeGa

Hebu chukua kalamu nene uandike jina Kakamega kwa ule mtindo wa kuchezacheza unaouona kwenye majalada ya daftari na masanduku ya bati ya shule za bweni. K kubwa, a ndogo iliyonenepa, K nyingine imelala ubavu, A kubwa inaning'inia juu ya mstari. Ukimaliza, angalia hizo a tatu. Hakuna mbili zinazofanana. Sasa liandike kwenye kompyuta kwa fonti yoyote ya kawaida inayojifanya imeandikwa kwa mkono. A zote tatu ni pacha, na jicho linagundua mara moja. Kiswahili huumbua fonti za aina hii haraka sana: irabu zetu ni tano tu, na karibu kila silabi inaishia kwa mojawapo. Mama, salama, matatu... hapana pa kujificha.

Tatizo hili ni kongwe kuliko kompyuta. Gutenberg alipochapa Biblia yake huko Mainz, Ujerumani, karibu mwaka 1455, alitengeneza maumbo takribani 290 ya herufi na alama, mengi kuliko alfabeti inavyohitaji, ili ukurasa ufanane na kazi ya mwandishi wa mkono. Wachapaji waliofuata wakaona hiyo ni gharama bure. Umbo moja kwa kila herufi likatosha.

Turuke hadi 1977. Uingereza, Jamie Reid anabuni picha za bendi ya Sex Pistols kwa herufi zinazoonekana kukatwa magazetini kwa mkasi, kubwa kwa ndogo, kila moja na sura yake. Mwaka huohuo, Marekani, profesa Donald Knuth wa Stanford anaanza kazi iliyozaa Metafont. Humo herufi si picha. Ni programu: kalamu ianzie hapa, ipinde pale, iwe nene kiasi hiki.

Mambo haya mawili yalikutana. Mwaka 1985 Knuth alisikiliza mihadhara ya Mholanzi Gerard Unger kuhusu jinsi herufi zinavyofuata mitindo ya zama zake, akatunga fonti aliyoiita Punk, na akaieleza kwa maandishi mwaka 1988. Siri yake ni rahisi: kila nukta ya herufi inasukumwa kidogo na nambari ya nasibu, kama fundi anayeandika juu ya matatu inayotembea. Lakini Metafont iliunda fonti mara moja, ikaihifadhi, na maumbo yaleyale yakatumika katika waraka mzima. Kwa hiyo Kakamega ya Knuth bado ilikuwa na a tatu pacha, ingawa pacha walevi.

Waliovunja kizuizi hicho ni vijana wawili Waholanzi, Just van Rossum na Erik van Blokland. (Ndiyo, Just ni ndugu yake Guido, yule aliyetuletea Python.) Fonti yao Beowolf ilitoka mwaka 1990, na kwangu mimi ni mojawapo ya udukuzi safi kabisa kuwahi kufanywa. Printa za leza za wakati ule zilikuwa na lugha yake ya programu, PostScript, na herufi zilichorwa ndani ya printa kwa amri kama lineto, yaani piga mstari hadi hapa. Wao wakaiweka kando, wakaandika amri yao wenyewe, freakto, ambayo hupiga mstari hadi karibu na hapo, mahali penyewe pakiamuliwa na nambari ya nasibu. Kila herufi ikachorwa upya kila ilipotokea. Chapa ukurasa uleule mara mia, upate kurasa mia tofauti!

Haikudumu. Kompyuta inapenda kuchora a mara moja, kuiweka pembeni na kuirudia, maana hiyo ndiyo njia ya haraka. Beowolf ilidai kinyume chake, na mifumo endeshi na programu za kuendesha printa zilipobadilika, ujanja ule ukaacha kufanya kazi. Toleo la baadaye lilibeba maumbo mengi yaliyochorwa tayari kwa kila herufi. Mwaka 2011 jumba la makumbusho la MoMA, New York, liliinunua pamoja na fonti nyingine 22 za kidijitali.

Hata hivyo nina neno na nasibu. Mtazame fundi anayeandika jina la matatu. Mwaka 2004 sheria za waziri John Michuki zilileta mstari wa manjano na kuzima michoro barabarani kwa miaka kadhaa, lakini mikono haikusahau. Fundi huhesabu herufi kwanza, hupima kioo cha nyuma, huingiza o ndogo chini ya mkono wa T, na nafasi ikimwishia huzibana za mwisho. Kila kinachoonekana ni vurugu kina sababu yake, na sababu hiyo ni herufi jirani. Freakto haikuwa na habari na jirani.

Kinachomkaribia fundi ni OpenType, iliyotangazwa na Microsoft na Adobe mwaka 1996. Humo fonti inaweza kubeba kanuni: ukiona a na nyingine iko karibu nyuma yake, chukua umbo la pili, ikija tena, la tatu. Hakuna nasibu hapo, ni kuangalia majirani tu, na kazi inamwangukia mchoraji. Maumbo matatu kwa kila moja ya herufi 26, kubwa na ndogo, ni michoro 156 kabla hajagusa tarakimu. Kakamega inapita vizuri. Kisha mteja anaandika "wanafanana", yenye a tano.