Huru, Bure na Huria: Historia ya Istilahi Moja ya Kompyuta

Miongoni mwa maneno ambayo wafasiri hutuletea mara kwa mara ili tuyatafutie tafsiri sanifu, limo moja dogo la Kiingereza lenye maana mbili: kutolipiwa na kutotawaliwa. Kiswahili kimeziweka maana hizo katika maneno mawili mbalimbali, bure na huru, wala hapana mtoto wa Mswahili awezaye kuyachanganya. Hata hivyo yanachanganywa kila siku katika nyaraka za ofisi, si kwa kutojua lugha bali kwa kutojua historia ya jambo lenyewe. Historia hiyo ndiyo tunayokusudia kuieleza katika makala haya.

Tarehe 27 Septemba 1983, Richard Stallman, mtaalamu wa kompyuta katika maabara ya akili bandia ya Massachusetts Institute of Technology, alitangaza azma ya kuunda mfumo mzima wa kuendeshea kompyuta, akauita GNU. Kilichomkera hakikuwa bei. Maabara yake ilikuwa imepewa na kampuni ya Xerox mashine ya kuchapisha, lakini programu yake ilikuja bila msimbo wa chanzo, yaani yale maandishi ya mtunga programu ambayo binadamu huweza kuyasoma na kuyasahihisha. Karatasi zilipokwama, wataalamu hawakuweza kuifanya mashine iwaarifu, kama walivyokuwa wameifanyia mashine iliyoitangulia. Mashine ilikuwa mali yao, nayo ilikuwa zawadi. Ila hawakuwa na amri juu yake.

Ajabu ni kwamba mwasisi mwenyewe alijikwaa katika neno. Tangazo lake, na ilani aliyoitoa mwaka 1985, yalieleza ugawaji wa mfumo huo kwa maneno ambayo msomaji wa Kiingereza angeyaelewa kuwa ni bure. Baadaye alikiri kwamba maneno hayo hayakuchaguliwa kwa uangalifu. Ilhali katika mwaka huohuo wa 1985 alikuwa akiuza nakala za programu yake ya Emacs kwa dola 150 kila utepe. Mnunuzi alilipa, lakini akishalipa aliweza kuisoma, kuibadili, kuinakili na kumpa jirani yake. Basi ilikuwa programu huru, wala utepe wake haukuwa wa bure. Mfano wa kinyume chake tunao mikononi: ziko programu nyingi za simu zinazopatikana bila kulipa hata senti moja, lakini mtumiaji haruhusiwi kujua zinafanya nini ndani, wala zinapeleka wapi majina na namba za watu wake.

Mwezi Oktoba 1985 iliundwa Free Software Foundation, na Februari 1986 ikachapisha fasili iliyotamka wazi kuwa neno hilo la Kiingereza halihusu bei. Leseni yao iitwayo GPL ilitoka mwaka 1989, ikarekebishwa 1991 na tena 2007. Linus Torvalds wa Finland aliiweka Linux chini ya leseni hiyo mwaka 1992. Wafaransa hawakupata taabu, kwani wanalo neno lao la uhuru lisilogusa bei, na Waingereza wengine wameliazima. Waarabu nao hutumia neno la asili moja na huru letu.

Shida yetu sisi iko kwingine. Leseni hiyo hutumia sheria ya hakimiliki kuhakikisha kwamba anayegawa programu aliyoibadili anawapa wengine uhuru uleule aliopewa yeye. Kiingereza kimelitaja sharti hili kwa mzaha wa kugeuza “kulia” kuwa “kushoto” ndani ya neno la hakimiliki, mzaha ambao haufasiriki. Wapo wanaovutwa na “hakishiriki”. Twawaonya: neno hilo limekwisha kuchukuliwa na wanasheria kwa haki za waimbaji, watayarishaji na watangazaji. Heri kusema kwa maelezo, “sharti la kurithisha uhuru”, hata kama ni refu.

Mwaka 1998 baadhi ya Wamarekani, wakihofia kwamba neno la uhuru linawatisha wenye biashara, walianza kusema “chanzo wazi”. Hapa ndipo huria linapofaa. Neno hili tulikwisha kulizoea katika soko huria na Chuo Kikuu Huria, likimaanisha mlango usiofungwa kwa yeyote. Chanzo huria basi, kwa istilahi ya 1998. Programu huru, kwa ile ya 1983. Yatumikayo ni karibu yaleyale, hoja ni mbili.

Manufaa ya uhuru huo lugha yetu imeyaonja. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Leseni ilikuwa imekwisha kuwaruhusu wafasiri. Hapakuwa na wa kuombwa kibali.

Tulipata kuona waraka wa ofisi moja uliowaelekeza watumishi watumie “programu za bure”. Mwandishi wake alikusudia programu huru. Watumishi walitii neno, wakachukua kila kisicho na bei, na orodha za wateja zikaenda kukaa katika mashine za mbali ambazo hakuna ofisini aliyejua ni za nani. Neno faragha limo katika Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania tangu marekebisho ya 1984, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022. Lakini wateja wale walikwisha kuvuliwa faragha yao kwa kosa la tafsiri.

Kwa hiyo tunapendekeza bure libaki kwa bei peke yake. Kuhusu sharti la kurithisha uhuru, tutashukuru kupokea neno fupi zaidi kutoka kwa wasomaji.