Usiku Mmoja, Miji Miwili: Habari za Kupatwa kwa Mwezi

Tangu zama za kale kupatwa kwa mwezi kumewatia watu hofu. Katika nyumba nyingi za Waswahili watu walitoka uani wakapiga masufuria na madebe, ati wapate kukifukuza kilichoumeza mwezi. Ilhali jirani zao walitawadha wakaenda msikitini kusali sala ya khusufi. Hao waliosali walifuata mafundisho ya mwaka wa 10 wa Hijra, alipofariki Ibrahim, mtoto mdogo wa Mtume Muhammad (S.A.W.), na jua likapatwa siku ile ile. Watu wakasema kwamba jua limeomboleza pamoja naye. Mtume, naye yumo katika msiba, aliyakataa maneno hayo ingawa yalikuwa ya kumtukuza. Aliwafundisha kuwa jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, wala havipatwi kwa ajili ya kufa au kuishi kwa mtu yeyote.

Mafundisho hayo yalifungua mlango mkubwa wa elimu. Jambo lisilofungamana na mauti ya wafalme wala bahati ya watu laweza kuhesabiwa na kungojewa. Wanavyuoni wa Kiislamu wakalingojea, kila mmoja juu ya dari ya nyumba yake au katika uwanja wa mji wake. Katika habari zao zote, hakuna ipendezayo kama ile ya mwaka 997, sawa na 387 wa Hijra.

Mwaka huo Abu Raihan al-Biruni alikuwa kijana wa miaka 23. Alizaliwa Kath, mji wa nchi ya Khwarazm, ambao mahali pake leo ni katika Uzbekistan. Miaka miwili kabla yake vita vya kugombea utawala viliikumba nchi hiyo. Jamaa ya wafalme waliomlea ikaangushwa, naye akakimbia na kuacha vipimo alivyokuwa amevianza. Baadaye alirudi Kath. Huko Baghdad, mbali sana upande wa magharibi, aliishi Abul Wafa al-Buzjani, mzee wa hesabu na elimu ya nyota aliyekaribia umri wa miaka 60. Hao wawili walipatana kwamba tarehe 24 Mei, mwezi utakapopatwa, kila mmoja autazame kutoka mji wake na kuandika saa.

Msomaji huenda akauliza: saa ya nini? Jawabu ni hili. Mwezi hupatwa unapoingia katika kivuli cha dunia, na ndiyo sababu haupatwi ila katikati ya mwezi wa Hijra, unapokuwa mpevu. Kivuli kikiugusa, wote wauonao hukiona kwa wakati mmoja, awe mtu yuko Baghdad au Kath. Lakini saa ya jua haiwi moja kila mahali. Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii moja kwa kila dakika 4. Kwa hiyo mji wa mashariki hutangulia kupata alfajiri, adhuhuri na magharibi. Tofauti ya saa walizoziandika watazamaji wawili ni umbali wa miji yao, mashariki na magharibi, ambao huitwa longitudo. Bila ya kamba ya kupimia wala ngamia, jangwa lote limepimwa.

Kazi yenyewe haikuwa nyepesi. Ukingo wa kivuli cha dunia si mkali kama wa kisu. Huanza kama moshi, na jicho husita. Saa nayo ilipatikana kwa kupima kimo cha nyota. Tena wingu moja tu, juu ya mji mmoja, lingeharibu kazi ya wote wawili; na Abul Wafa hakuwa na miaka mingi ya kungojea, maana alifariki yapata mwaka 998. Hata hivyo mapatano yalitimia. Tofauti ilikuwa kadiri ya saa moja, yaani digrii 15. Vipimo vya leo vyaonyesha digrii 16 na zaidi kidogo. Wamekosea kwa dakika chache tu, katika zama zisizokuwa na saa ya mkononi wala simu.

Al-Biruni hakuiacha njia hiyo. Mwaka 1019 alikuwa Ghazna, katika nchi ya Afghanistan ya leo, akautazama mwezi ukipatwa na kuandika vimo vya nyota. Mwaka 1025 alimaliza kitabu chake juu ya kupima mahali pa miji, na miongoni mwa makusudi yake makubwa lilikuwa kuwajulisha watu wa Ghazna kibla chao. Mtu asiyejua longitudo ya mji wake na ya Makka atageuza uso kwa kukisia. Mfano wake uko karibu nasi. Mombasa na Makka zakaribia kuwa katika longitudo moja, basi wa Mombasa huelekea kaskazini barabara. Bujumbura iko magharibi zaidi kwa digrii 10 na kitu, na wa Bujumbura hana budi ageuke kiasi cha digrii 22 kuelekea mashariki.

Usiku wa 27 Julai 2018 mwezi ulifunikwa wote kwa dakika 103, muda mrefu kuliko mwingine wowote wa karne hii. Bujumbura ilikuwa saa 3:30 usiku kivuli kilipoufunika, na Mombasa saa 4:30. Hiyo saa moja kamili ni ya amri ya serikali; kwa jua lenyewe miji hiyo yaachana kwa dakika 41 hivi, na mwenye kupima nyota, kama walivyopima wale wawili, angeiona tofauti hiyo.

Mwezi utapatwa wote, na kuonekana katika nchi zetu, usiku wa kuamkia 21 Desemba 2029, baada ya saa 6 usiku kwa saa za Bujumbura. Desemba ni msimu wa mvua huko, na mawingu ni mengi. Wenye jamaa Mombasa wapatane nao mapema.