Filta ya oili iliyobonyea: Ifungwe au irudishwe?

MWENYE gari anayehudumiwa katika gereji ya kando ya barabara mtaani Rhonda, jijini Nakuru, huenda akakabidhiwa filta mpya ya oili iliyobonyea ubavuni. Pengine ilianguka dukani, au iligongwa ikisafirishwa. Je, ifungwe au irudishwe?

Irudishwe.

Filta ni kopo la bati jembamba lenye karatasi ya kuchuja ndani yake. Pampu husukuma oili ipite katika karatasi hiyo na kuacha uchafu, kabla ya kulainisha vyuma vya injini. Gari la petroli likiwa mwendoni, shinikizo la oili kwa kawaida huwa kati ya pauni 30 na 60 kwa kila inchi ya mraba, na hupanda zaidi asubuhi oili ikiwa baridi. Gurudumu la gari dogo hujazwa takriban pauni 30. Kopo hilo basi hustahimili shinikizo la gurudumu, au hata maradufu yake.

Kubonyea huleta hatari tatu. Kwanza, bati lililokunjika hudhoofika, na huweza kupasuka shinikizo linapopanda na kushuka kila siku. Pili, bati lililoingia ndani huweza kuharibu karatasi, oili ikapita bila kuchujwa. Tatu, filta ikibonyea karibu na mdomo, mpira wake hauketi sawasawa na oili huvuja.

Ni kweli kwamba si kila filta ya aina hiyo hupasuka. Iliyobonyea kidogo katikati ya ubavu huenda ikamaliza kilomita 5,000 bila tatizo. Lakini kopo halifunguliwi, hivyo hata fundi hodari hawezi kujua hali ya ndani. Kulinyoosha kwa nyundo hulidhoofisha zaidi.

Filta ya gari dogo hununuliwa kwa mamia ya shilingi, ilhali injini iliyokwama kwa kukosa oili hugharimu makumi ya maelfu. Ikipasuka gari likipanda mlima wa kuelekea Timboroa, oili huweza kumwagika kwa dakika chache. Taa nyekundu ya oili ikiwaka, dereva aegeshe na kuzima injini papo hapo, asijaribu kufika kituo kinachofuata.

Mnunuzi aikague filta kabla ya kulipa. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, humtaka mfanyabiashara auze bidhaa zenye ubora unaofaa. Hata hivyo, aliyekagua bidhaa hawezi kutegemea kinga hiyo kwa kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Filta na itolewe kwenye boksi pale pale dukani, izungushwe, na mpira wake uguswe kwa kidole.

Wakati wa kuifunga, mpira upakwe oili safi na filta ikazwe kwa mkono. Mpira ukishagusa injini, filta nyingi huongezewa takriban robo tatu ya mzunguko. Kisha injini iwashwe na fundi achungulie kama kuna uvujaji.

Filta iliyogongwa na jiwe ikiwa tayari garini ibadilishwe mapema, na kiwango cha oili kipimwe kila asubuhi hadi hapo. Rahisi ghali.