Waliochongwa na Wasiochongwa: Makaburi ya Vita Namirembe na Swali la Mkazi wa Bwaise

Anayetafuta kaburi la vita Bwaise atarudi mikono mitupu. Sababu ya kwanza ni ardhi yenyewe. Mtaa wetu uko bondeni, pembezoni mwa kinamasi cha Lubigi. Mvua ikinyesha maji huingia majumbani, na vyoo vingi hujengwa juu ya ngazi kwa kuwa ukichimba futi chache tu unakutana na maji. Sababu ya pili ni desturi. Kwa Waganda, mahali pa marehemu ni kijijini kwao, kwenye ekiggya, yaani makaburi ya ukoo, alale pamoja na babu zake. Kwa hiyo makanisa ya mtaani kwetu yana kengele, shule na viti vya plastiki, lakini hayana makaburi.

Hata hivyo, Bwaise iko kwenye njia ya askari. Barabara ya Bombo inayotoka Wandegeya hupita kwetu, ikaelekea Kawempe na kufika Bombo, ambako wakati wa ukoloni palikuwa makao ya Kikosi cha Nne cha King's African Rifles, jeshi ambalo watu waliliita Keya. Mbele zaidi barabara hiyo inaingia Luweero, uwanja wa vita vya msituni vya mwaka 1981 hadi 1986. Askari wengi wamepita mbele ya milango yetu wakienda au wakirudi. Swali la insha hii ni hili: waliokufa katika vita hivyo wako wapi, na ni nani kati yao aliyepewa jiwe lenye jina lake? Ili kulijibu nilipanda Namirembe, kwenye uwanja wa kanisa wenye makaburi ya zamani kuliko mengine ya Kikristo ninayoweza kuyafikia kutoka nyumbani.

Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo lililopo sasa lilijengwa baada ya lile lililotangulia kuungua kwa radi mwaka 1910. Ujenzi ulianza mwaka 1915 na kanisa likawekwa wakfu mwaka 1919. Tarehe hizo zinafaa kukumbukwa, kwa maana zinakaribiana sana na miaka ya Vita Kuu ya Kwanza. Wakati mafundi wakipandisha matofali kilimani, vijana wa Uganda walikuwa wakichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi kuelekea Afrika Mashariki ya Wajerumani. Kanisa lilikamilika. Wengi wa vijana hao hawakurudi.

Kaburi linalotafutwa zaidi na wageni pale uwanjani ni la Askofu James Hannington. Aliuawa Busoga tarehe 29 Oktoba 1885, karibu na kwa chifu Lubwa, kwa amri ya Kabaka Mwanga. Mabaki yake yaliletwa Namirembe na kuzikwa tarehe 31 Desemba 1892. Hilo si kaburi la vita, lakini linatufundisha namna ya kuyasoma makaburi yanayofuata. Hannington hakufa peke yake. Pamoja naye waliuawa wapagazi karibu 50, wengi wao watu waliotoka naye pwani. Askofu mmoja alirudishiwa mifupa yake, akapewa ibada na jiwe. Wapagazi walibaki Busoga.

Miaka 12 baadaye damu ilimwagika tena kwa Lubwa. Mwaka 1897 askari wa Kisudani, wale ambao wazao wao na wa wenzao tunawaita Wanubi, waliasi. Walikuwa wamechoshwa na safari zisizokwisha na mshahara duni, na sasa Meja Macdonald alitaka wamfuate katika safari nyingine ndefu. Walijitenga naye Eldama Ravine, wakateka ngome ya Lubwa na kumkamata Meja Thruston na wenzake wawili, ambao waliwaua baada ya mapigano ya tarehe 19 Oktoba. Ngome ilizingirwa kwa wiki nyingi. Mwezi Desemba alipigwa risasi hapo George Pilkington, mmisionari aliyeongoza kazi ya kuitafsiri Biblia nzima kwa Kiganda pamoja na Henry Wright Duta. Alikuwa amekwenda kama mkalimani. Baadaye mabaki yake yaliletwa Namirembe. Hilo kwa maoni yangu ni kaburi la vita hasa: mtu aliyeuawa kwenye mapigano akarudishwa kuzikwa kwenye uwanja wa kanisa.

Sasa tuwahesabu wengine waliokuwa kwenye uwanja ule wa mapigano. Upande wa Macdonald kulikuwa na Wazungu wachache, Masingasinga wachache kutoka India, na mamia ya Waswahili wa pwani waliokuja na msafara wake. Baadaye likafika jeshi la Waganda likiongozwa na Katikkiro Apolo Kagwa. Waswahili na Waganda ndio waliokuwa wengi, na miongoni mwao walikuwapo waliokufa. Mwanafunzi wa Kiswahili anayesoma habari hizi anapaswa kusimama hapo kidogo. Wazungumzaji wa lugha tunayojifunza walipigana na kufa ndani ya Uganda kabla ya karne ya 20 kuanza, na Namirembe hakuna jiwe linalowataja.

Uasi ule ulibadilisha jeshi lenyewe. Tarehe 1 Januari 1902 vikosi vya Waingereza katika sehemu hizi viliunganishwa kuwa King's African Rifles, na askari wa Uganda wakawa Kikosi cha Nne. Hao ndio waliokuwa tayari vita vilipotangazwa mwaka 1914. Mapigano ya Afrika Mashariki yaliendelea hadi Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck aliposalimisha silaha Abercorn, ambako sasa ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Katika muda huo wote mzigo mkubwa ulikuwa juu ya vichwa vya wapagazi. Mbung'o waliua wanyama wa mizigo, na barabara hazikuwapo. Kwa hiyo chakula, risasi na majeruhi vilibebwa na binadamu. Upande wa Waingereza uliwatumia wapagazi wapatao milioni moja, na wanahistoria wanakadiria kuwa zaidi ya 90,000 walikufa. Wengi hawakuuawa kwa risasi bali kwa kuhara damu, malaria, nimonia na chakula kisichofaa. Neno Kariakoo, ambalo kila anayezuru Dar es Salaam hulitamka anapokwenda sokoni, limetokana na jina la Kiingereza la kikosi chao. Nairobi nako kuna mtaa wenye jina la asili hiyo hiyo. Lugha imewakumbuka pale ambapo mawe hayakuwakumbuka.

Na si kwamba hapakuwa na chombo cha kuwakumbuka. Tume ya Kifalme ya Makaburi ya Vita iliundwa London tarehe 21 Mei 1917, na kanuni yake kuu ilikuwa usawa: tajiri na maskini, ofisa na askari wa kawaida, wote wapate kumbukumbu ya aina moja na kila mtu jina lake. Ndiyo maana anayetembelea makaburi ya vita ya Tume hiyo huona safu za mawe yanayofanana. Lakini Afrika Mashariki kanuni hiyo ilipindishwa. Mwaka 2021 Tume yenyewe, ambayo sasa ni ya Jumuiya ya Madola, ilichapisha ripoti ya kujichunguza. Ilikiri kwamba watu 45,000 hadi 54,000, hasa Wahindi na Waafrika, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao. Wengine wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakutajwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wa kundi hilo la pili walikuwa Waafrika Mashariki na Wamisri. Ripoti inaonyesha pia fikra zilizosababisha hali hiyo: baadhi ya wakubwa wa miaka ile waliamini kwamba Mwafrika hajastaarabika kiasi cha kuthamini jiwe la kaburi. Makaburi mengi ya wapagazi yaliachwa yarudi kuwa pori.

Badala ya majina tukapewa sanamu. Dar es Salaam na Mombasa zilipata sanamu za Askari mwaka 1927, na Nairobi ikapata yake mwaka uliofuata. Ile ya Nairobi ina maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Ni kazi nzuri, na mimi kama mwanafunzi wa lugha hufurahi kuona Kiswahili kimechongwa kwenye shaba na jiwe tangu wakati huo. Lakini sanamu hizo hazina jina hata moja la aliyekufa. Kiswahili kilitumika kumsifu askari kwa jumla. Hakikutumika kumwita yeye mwenyewe.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini tudai majina katika kumbukumbu za vita visivyokuwa vyetu? Nimelisikia swali hili kwa wanafunzi wenzangu, na lina uzito. Wapagazi wengi walikamatwa na machifu wakapelekwa bila hiari. Kuwaweka kwenye orodha ya mashujaa wa mfalme wa Uingereza ni kama kuwachukua mara ya pili. Tena waasi wa Lubwa nao walikufa. Je, nao wapewe mawe? Jibu langu ni kwamba jina kaburini halisemi kuwa marehemu alivikubali vita vilivyomuua. Linasema tu kwamba aliishi, alikuwa wa fulani, na alikufa mahali fulani. Kwa jamii ambayo mtu wake hurudishwa ekiggya kwa gharama yoyote ile, kutojua alipolala ndugu ni deni lisilolipika. Deni hilo ni la ukoo, na mfalme hahusiki nalo. Kwa kipimo hicho hata mwasi anastahili kutajwa, kwa kuwa naye alikuwa na watu waliomngoja.

Historia ya Namirembe yenyewe inaniunga mkono. Mwezi Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa chini ya utawala wa Idi Amin, kaburi lilichimbwa pale uwanjani, karibu na la Hannington. Serikali haikuutoa mwili. Ulipelekwa Mucwini, Kitgum, ukazikwa huko. Jumapili ya tarehe 20 waumini walikusanyika hata hivyo, wakaimba mbele ya kaburi tupu. Waliomboleza kikamilifu bila mwili kwa sababu walikuwa na jina. Wapagazi wa 1914 hadi 1918 wako katika hali iliyo kinyume: miili iko ardhini, kutoka Kagera hadi Msumbiji, lakini majina yamepotea, na maombolezo hayana pa kuanzia.

Luweero nako, mbele kwenye barabara yetu, kosa hilo limekaribia kurudiwa. Baada ya vita vya msituni mafuvu yalipangwa kando ya njia ili wapita njia waone, kisha yakazikwa pamoja katika makaburi ya halaiki. Minara ipo, lakini wengi waliolala chini yake hawakuandikwa mmoja mmoja. Tofauti ni kwamba watoto na wajane wao bado wako hai, na baadhi yao ni majirani zetu Bwaise.

Hapa ndipo somo letu linapoingia. Uganda Kiswahili kimebeba sifa mbaya ya kambi na vizuizi vya barabarani. Wazee mtaani kwetu bado wakisikia amri kwa Kiswahili hushtuka, ingawa lugha hii ni rasmi ya pili kikatiba tangu marekebisho ya mwaka 2005. Kwa kawaida tunaijibu sifa hiyo kwa kutaja biashara na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ningependa tuongeze jibu lingine: Kiswahili kilikuwa pia lugha ya walioamrishwa, waliobebeshwa mizigo na kufa. Maneno yao yangali vinywani mwa wazee: Keya, Kariakoo, kuruta, kambi.

Napendekeza kazi ndogo inayowezekana. Kila mmoja wetu mwenye wazee nyumbani aulize swali moja tu: katika ukoo wetu, nani alikwenda vitani asirudi? Aandike jina, ukoo, kijiji, na vita alivyokwenda. Makanisa na misikiti ya Bwaise ina vitabu vya ubatizo, ndoa na vifo. Viongozi wake wakiombwa kwa heshima wanaweza kusaidia kulinganisha. Ripoti ya mwaka 2021 iliahidi kutafuta majina yaliyosahauliwa, na Tume haiwezi kuyapata yote katika makabrasha ya London, kwa sababu mengi hayakuwahi kuandikwa huko.

Bwaise haitapata uwanja wa makaburi, maji hayataruhusu. Orodha hahitaji ardhi kavu. Inaweza kusomwa kwa sauti kanisani au msikitini siku ya kuwaombea marehemu, jina baada ya jina, na walio nyuma wakajibu kuwa wamemsikia.