Skrini ya buluu: Chunguza umeme, vumbi na diski kabla ya kufuta kila kitu

KOMPYUTA ya nyumbani inapokatiza kazi ghafla na kuonyesha skrini ya buluu yenye maandishi meupe, wengi huamua jambo moja tu: kuipeleka kwa fundi ili Windows iwekwe upya. Uamuzi huo huweza kugharimu zaidi ya ada ya fundi. Diski ikifutwa bila nakala kuwekwa kando, hupotea picha za familia, hesabu za duka, tasnifu ya mwanafunzi na stakabadhi za ushuru ambazo makataa yake ni Juni 30 kila mwaka. Isitoshe, skrini iyo hiyo huweza kurejea baada ya siku chache, kwa sababu kilichoharibika hakikuwa Windows.

Makala haya yanaeleza utaratibu wa kuchunguza tatizo hilo, kuanzia hatua zisizogharimu pesa, kwa kuzingatia hali ya kaunti za Kitui na Makueni, ambako joto, vumbi na umeme unaopotea na kurudi huchosha mashine.

MAANA YA SKRINI HIYO

Skrini ya buluu si ugonjwa wenyewe bali ni taarifa ya ugonjwa. Mfumo wa Windows unapogundua hitilafu ambayo ingeweza kuharibu data, hujisimamisha na kutaja msimbo wa kosa. Matoleo ya zamani huonyesha nambari ndefu inayoanza na 0x, ilhali yale yaliyotoka kuanzia 2012 huonyesha uso wenye huzuni na jina la kosa. Mnamo 2025 Microsoft ilianza kubadilisha rangi hiyo kuwa nyeusi katika Windows 11, kwa hivyo mwenye mashine mpya asidhani amepatwa na tatizo tofauti.

Ni kweli kwamba programu pekee huweza kuleta balaa. Mnamo Julai 19, 2024, sasisho bovu la kampuni ya usalama ya CrowdStrike liliangusha takriban kompyuta milioni 8.5 duniani. Hata hivyo, hilo lilikuwa tukio la siku moja lililokumba wengi kwa pamoja. Mashine moja inayoanguka kila wiki, ilhali ya jirani haina tatizo, aghalabu ina sababu yake yenyewe.

Jihadhari pia na skrini bandia. Ukurasa wa intaneti unaogeuka buluu na kukutaka upige simu kwa nambari fulani ni mtego wa walaghai. Skrini halisi ya Windows haitoi nambari ya simu.

HATUA YA KWANZA: OKOA FAILI

Maadamu mashine bado inawaka, nakili faili zako kwenye diski ya nje au flashi kabla ya kugusa kitu kingine. Diski inayokaribia kufa huweza kukubali kusomwa leo na kukataa kesho.

Katika kompyuta mpya, hakikisha pia una ufunguo wa BitLocker, ambao aghalabu huhifadhiwa katika akaunti yako ya Microsoft. Bila ufunguo huo, diski iliyofungwa kwa njia hiyo haifunguki, hata fundi awe hodari namna gani.

HATUA YA PILI: ANDIKA MSIMBO NA SAA

Mara nyingi mashine hujiwasha upya kabla msimbo haujasomwa. Ili kuizuia, bonyeza kitufe cha Windows, andika sysdm.cpl, fungua sehemu ya Advanced kisha Startup and Recovery, na uondoe alama kwenye Automatically restart.

Weka daftari. Andika tarehe, saa, msimbo na ulichokuwa ukifanya. Je, mashine huanguka alasiri kunapokuwa na joto? Huanguka umeme unaporudi? Ilianza baada ya kuweka printa au programu mpya? Kurasa mbili za daftari hilo zitamsaidia fundi kuliko maelezo ya kwamba "inazimazima tu".

HATUA YA TATU: UMEME

Umeme wa nyumbani nchini Kenya umekadiriwa kuwa volti 240. Mahali ambapo nyumba iko mbali na transfoma, au inatumia laini moja na kinu cha kusaga mahindi ama karakana ya kuchomelea vyuma, kiwango hicho huweza kushuka mashine hizo zinapoanza kazi. Taa zikififia kisha kompyuta ikaanguka, hapo pana dalili.

Umeme unapopotea, chomoa kompyuta na usiirudishe mara tu unaporejea. Ngoja dakika kadhaa hadi utulie. Wakati wa mvua za vuli, kati ya Oktoba na Desemba, ngurumo zikisikika chomoa waya wa umeme na ule wa intaneti pia.

Wenye kompyuta za mezani wafikirie kununua UPS, kifaa chenye betri kinachoipa mashine muda wa kuzimwa kwa utaratibu. Wenye vipakatalishi wajaribu kutumia betri pekee kwa saa kadhaa. Ikiwa mashine haianguki, shuku chaja au waya. Kisanduku cha umeme kilicho ndani ya kompyuta ya mezani kisifunguliwe, kwani huhifadhi umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa.

HATUA YA NNE: JOTO NA VUMBI

Mashine iliyoko Mbooni au Kilungu milimani haipati taabu sawa na ile iliyoko Kibwezi, Mtito Andei au Mutomo, ambako nyanda ni za chini na joto ni kali. Vumbi jekundu la kiangazi huziba matundu ya hewa na kuganda kwenye feni. Prosesa inapopata joto kupita kiasi hupunguza kasi, huzimika, na wakati mwingine huonyesha msimbo WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR, unaoashiria hitilafu ya maunzi.

Zima mashine, chomoa waya, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili kumaliza umeme uliosalia. Fungua ubavu wake na utoe vumbi kwa brashi laini na kavu, huku ukizuia feni isizunguke. Usitumie kitambaa chenye maji. Mashine iliyonunuliwa ikiwa mtumba huenda ikahitaji pia dawa mpya ya kupitishia joto kati ya prosesa na kipoozaji chake, kwa kuwa dawa hiyo hukauka miaka inapopita.

Kipakatalishi kisiwekwe juu ya kitanda au kochi kinapotumika, kwani kitambaa huziba njia ya hewa.

HATUA YA TANO: RAM NA DISKI

Misimbo MEMORY_MANAGEMENT na PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA huweza kuashiria kasoro katika kumbukumbu ya RAM. Zima mashine, toa vipande vya RAM na uvirudishe hadi vishike barabara. Kisha andika mdsched katika sehemu ya kutafutia ya Windows ili mashine ijipime. Kasoro ikionekana, jaribu kipande kimoja kimoja upate kilicho kibovu.

Misimbo KERNEL_DATA_INPAGE_ERROR, NTFS_FILE_SYSTEM na INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE hukuelekeza kwenye diski au waya wake. Diski ya zamani inayotoa sauti ya kugongagonga isiendelee kutumiwa. Ikiwa faili zimeokolewa, amri chkdsk c: /r hukagua na kujaribu kurekebisha diski. Usiianze kabla ya kuweka nakala, kwani hukamua diski dhaifu kwa saa nyingi.

HATUA YA SITA: PROGRAMU

Msimbo wenye maneno IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL mara nyingi hutokana na draiva, yaani programu ndogo inayounganisha Windows na kifaa kama kadi ya picha au printa. Ondoa ulichoweka karibuni. Mashine ikikataa kuwaka kikamilifu, iwashe katika hali salama, ambamo draiva za lazima tu hutumika. Ikitulia humo, huenda kosa liko kwenye draiva au programu. Amri sfc /scannow nayo hurekebisha faili za Windows zilizoharibika.

Programu za kufungua Windows bila leseni, ambazo humwagiza mtumiaji azime kinga ya virusi kwanza, ni chanzo kingine cha maafa. Vilevile, Microsoft ilikomesha usaidizi wa kawaida kwa Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025. Mashine hizo zinaendelea kufanya kazi, ila zisizoandikishwa katika mpango wa masasisho ya ziada hazipati tena marekebisho ya usalama.

UNAPOMWENDEA FUNDI

Mpelekee daftari lako na umweleze kwamba Windows huhifadhi taarifa za kila mwanguko katika C:\Windows\Minidump. Muulize maswali matatu: Sehemu gani imeharibika? Umeipimaje? Je, faili zangu zitabaki? Akibadilisha kifaa, omba kile cha zamani.

Fundi anayependekeza kufuta kila kitu kabla ya kupima RAM na diski hajachunguza. Kuweka Windows upya ni dawa halali, lakini iwe ya mwisho, baada ya nakala kuhifadhiwa na maunzi kuthibitishwa kuwa mazima.