Maarifa, Akili na Hekima katika Nchi ya Mbozi na Mwenzo

Maneno akili, maarifa na hekima, ambayo msomaji wa Biblia ya Kiswahili hukutana nayo mara kwa mara, yote matatu yana asili ya Kiarabu. Yalikuwa yamekwisha kuzoewa pwani kabla Ludwig Krapf hajafika Mombasa mwaka 1844. Wafasiri wa pwani, basi, waliyakuta tayari, yamelelewa na wanazuoni wa Kiislamu. Huko bara haikuwa hivyo. Na nchi ambayo tangu mwaka 2016 huitwa Mkoa wa Songwe yatupa ushahidi wa jambo hilo.

Wamoravian kutoka Ujerumani walifika kaskazini ya Ziwa Nyasa mwaka 1891, wakajenga Rungwe. Baadaye Traugott Bachmann alikwenda Unyiha, akaanzisha kituo cha Mbozi. Mafundisho yalishikamana na kusoma, kwa kuwa Mkristo alitakiwa alijue Neno kwa macho yake mwenyewe. Lakini kitabu huhitaji lugha, na lugha ilikuwa kwa wenyeji. Hapo mwalimu akawa mwanafunzi. Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho, apambanua hekima ya dunia na hekima ya Mungu. Mfasiri hawezi kuyapambanua hayo kabla hajajua ni mtu gani ambaye wazee wa nchi humwita mwenye hekima. Agano Jipya la Kinyiha lilipigwa chapa mwaka 1913. Bachmann, ambaye hapo kwanza alizikemea desturi nyingi za Wanyiha, hatimaye aliacha sehemu kubwa ya ukali wake. Pengine kazi ya lugha ndiyo iliyomfundisha kusikiliza kabla ya kuhukumu.

Mwaka 1916 vita viliwaondoa wamisionari wa Kijerumani. Ndipo ilipojulikana kama maarifa yalikuwa ya mgeni tu, au yamekwisha kuwa mali ya wenyeji. Kanisa halikufa, maana walikuwapo walimu Waafrika. Mmoja wa kizazi hicho, Msatulwa Mwachitete, aliyepata kutekwa utotoni, alisimulia maisha yake, na masimulizi hayo yakatolewa kwa Kiingereza mjini London mwaka 1932.

Ng'ambo ya mpaka, karibu na Tunduma, Wanamwanga walifundishwa na misioni ya Waskoti ya Livingstonia katika kituo cha Mwenzo. Huko Donald Siwale, pamoja na David Kaunda na Peter Sinkala, waliunda chama cha kutetea hali za wenyeji mwaka 1912. Kikafufuliwa mwaka 1923. Watu hawa walikuwa walimu wa misioni. Kusoma walikofundishwa kwa ajili ya Injili walikutumia pia kupima mambo ya serikali, wakijenga hoja zao kwa adabu na kwa maandishi.

Yatupasa basi tusichanganye mambo matatu. Maarifa ya kusoma yaliletwa na wageni. Akili ya kuyapima ilikuwapo kwa wenyeji tangu zamani, nayo Mwenzo ilipata chombo kipya. Hekima haikuwa ya upande mmoja. Mwenye kuandika historia ya Ukristo wa nchi hii kwa kuhesabu shule na vitabu peke yake atakuwa ameandika habari za maarifa, na hekima ameiacha mlangoni.